Lenzi ya picha za sura: msikimbilie f/1.4

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu lenzi za zamani imefanya jambo jema kuwaambia wasomaji kwamba lenzi ya miaka ya 1970, yenye fokasi ya kuzungusha kwa mkono, bado inapiga picha nzuri kwenye kamera ya leo. Lakini mlipofika kwenye lenzi za picha za sura mkashauri kwamba mtu atafute 85mm ya f/1.4 au asubiri (milimita ni urefu wa fokasi wa lenzi, na namba ya f ni kipimo cha tundu lake la mwanga: namba ikipungua, tundu hupanuka), na kwamba f/2.8 ni hafifu kwa kazi hiyo, mmewaelekeza wasomaji kwenye njia ya gharama na taabu isiyo na sababu. Sisi tunaozitumia na kuzifungua lenzi hizi tunaomba nafasi ya kujibu, kwanza kwa hesabu, kisha kwa tochi na futi ya kupimia.

Chukueni picha ya kichwa na mabega. Kamera imesimama wima, na fremu inachukua sentimita 60 za mtu kutoka juu hadi chini. Kwenye sensa kamili, yaani kipokea mwanga cha kamera, ya milimita 36 kwa 24, mpigaji mwenye 85mm atasimama mita 1.5 kutoka kwa mtu huyo, mwenye 105mm mita 1.85, na mwenye 135mm mita 2.4. Kwa fremu hiyohiyo, kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana kali, hakijali lenzi ina milimita ngapi. Kinafuata namba ya f tu: f/1.4 inatoa takriban milimita 25, f/1.8 milimita 32, f/2.5 milimita 44, f/2.8 milimita 49, na f/4 milimita 71. Hizo 25 zinagawanyika mbele na nyuma ya jicho. Kichwa kikigeuka kidogo, jicho la pili limeshapotea, na ncha ya pua haikuwemo tangu mwanzo. Kamera inayofuata jicho yenyewe inaweza kuvumilia hali hiyo. Mkono hauwezi: pumzi moja ya mpigaji, au ya anayepigwa, inatosha kuisogeza fokasi kutoka kwenye jicho hadi sikioni.

Mtasema watu hununua f/1.4 kwa ajili ya mandharinyuma yaliyoyeyuka. Haya, tuyapime. Kiasi ambacho taa au majani ya mbali huyeyuka hutegemea kipenyo halisi cha tundu la mwanga, nacho hupatikana kwa kugawa milimita za lenzi kwa namba ya f. Taa iliyo mbali sana nyuma ya mtu huonekana kama duara, na ukilipima duara hilo pale uso ulipo, upana wake ni kipenyo hichohicho. Lenzi ya 85mm f/1.8 ina milimita 47. Ya 135mm f/2.8 ina 48. Ya 105mm f/2.5 ina 42, sawa na 85mm f/2. Ya 135mm f/3.5 ina 39, na 100mm f/2.8 ina 36.

Someni tena mbili za kwanza. Zinayeyusha nyuma kwa kiasi kilekile, lakini 135mm f/2.8 inaacha milimita 49 za uso zikiwa kali pale ambapo 85mm f/1.8 inaacha 32. Mwenye fokasi ya mkono akipewa chaguo hilo, akachukua 85mm kwa kuwa namba yake ya f inavutia zaidi dukani, ameuziwa namba. Kweli, 85mm f/1.4 ina kipenyo cha milimita 61, na hakuna katika hizi tulizotaja inayoifikia. Usiku ina kazi yake, na kwenye chumba kifupi pia, maana mita 2.4 pamoja na mwili wa mpigaji na ukuta wa nyuma si nafasi ndogo. Ila iwe lenzi ya pili au ya tatu, si ya kujifunzia.

Wenye sensa ndogo ya APS-C wazidishe milimita kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. Kwao 50mm au 58mm ya zamani tayari ni telefoto fupi, na 135mm ni ya nje tu.

Tukitaja majina, la kwanza ni Nikkor 105mm f/2.5. Toleo la mwanzo la kamera za Nikon F, la mwaka 1959, lilikuwa na vioo 5 katika makundi 3 kwa mtindo wa Sonnar, muundo wa lenzi wa kampuni ya Zeiss; mwaka 1971 muundo ukabadilishwa kuwa vioo 5 katika makundi 4, ambao ni mkali zaidi kwa karibu. Yote mawili ni mazuri. Picha ya msichana wa Afghanistan, ya mpiga picha Steve McCurry, iliyokuwa jalada la National Geographic la Juni 1985 ilipigwa kwa 105mm f/2.5, kwa hiyo neno "hafifu" lichunguzwe upya. Olympus Zuiko 100mm f/2.8, SMC Pentax-M 100mm f/2.8 na Minolta Rokkor 100mm f/2.5 ni ndogo na hazichoshi mkono. Kwa 135mm, Carl Zeiss Jena Sonnar f/3.5 ya M42 (kitako cha skrubu cha milimita 42) ina vioo 4 tu, inasogea hadi mita 1, na ni kali tangu tundu likiwa wazi. Lenzi za 135mm za f/2.8 na f/3.5 zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa sababu enzi za filamu ndizo wengi walizonunua baada ya 50mm. Wingi huo ndio unaozifanya zidharauliwe leo, na dharau hiyo ni faida ya mnunuzi.

Kuhusu Jupiter-9 ya 85mm f/2, ambayo makala yenu iliisifu bila tahadhari: ni ya Kisovieti, imefuata Sonnar ya Zeiss ya kabla ya vita, ina vioo 7 katika makundi 3 na mabapa 15 yanayofanya tundu kuwa la mviringo karibu kila namba. Ikiwa nzima inapendeza, laini kwenye f/2 na kali kuanzia f/4. Tatizo ni kwamba nyingi zimeshafunguliwa na mikono isiyojua. Mitaro ya kuzungushia fokasi ina mianzo kadhaa, na fundi akiirudisha kwenye mwanzo usio wake, lenzi inafungika vizuri, inazunguka vizuri, lakini haifiki infiniti, yaani haiwezi kulenga vitu vya mbali kabisa, au inapitiliza. Dalili ya kwanza ni vichwa vya skrubu vilivyochubuka. Ya pili hupatikana kwa futi: weka kitu mita 2 kutoka kwenye alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya kamera, alama ya mahali filamu au sensa ilipo, lenga, kisha soma namba kwenye pete. Ikisema mita 1.7 au 2.5, mtu ameshaingia humo, au adapta yako, kiunganishi cha lenzi na kamera, ina kasoro. Jaribu lenzi nyingine kwenye adapta ileile kabla ya kuhukumu.

Kabla ya kulipa, lenzi yoyote ipite tochi. Vua vifuniko vyote viwili, fungua tundu hadi namba ndogo kabisa, mulika kutoka nyuma kwa pembe, nawe uangalie kutoka mbele huku nyuma ya lenzi pakiwa peusi. Vumbi litaonekana la kutisha. Lipuuze, halionekani kwenye picha. Nyuzi nyembamba zenye matawi ni kuvu. Kidogo cha pembeni kinasafishika, lakini kuvu la muda mrefu huila tabaka linalozuia mng'ao, na alama yake haitoki hata kioo kikisafishwa. Utando mweupe kama moshi ni mbaya kuliko unavyoonekana, kwa sababu huondoa weusi wa picha yote, hasa mwanga ukitoka mbele. Mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani na unafutika, iwapo kioo chenyewe kinafikika. Ukiona rangi za upinde wa mvua au fedha zikianzia ukingoni kuelekea katikati, gundi iliyounganisha vioo viwili imeachia. Hiyo iache hapo ilipo. Mkwaruzo wa kioo cha mbele hausumbui sana. Wa kioo cha nyuma husumbua.

Kisha mabapa. Kwenye lenzi ya tundu la kujiendesha, weka f/16, sukuma kipini au wenzo wa nyuma uachie: mabapa yaruke papo hapo. Yakijivuta, yana mafuta. Kwenye kamera ya filamu picha zitatoka na mwanga kupita kiasi. Kwenye kamera isiyo na kioo cha kupinduka (mirrorless) utaweza kufanya kazi, kwani pete ndiyo inayoyafunga, lakini mafuta hayohayo ndiyo yatakayokuwa moshi kwenye vioo baadaye. Lenzi za pete mbili, ambapo ya kwanza inaweka kikomo na ya pili inafunga kwa mkono, hazidhuriki kwa mafuta kidogo, na Jupiter-9 nyingi ni za aina hiyo.

Pete ya fokasi izunguke kwa uzito mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nzito kila mahali ni grisi iliyokauka, inatibika. Ukisikia mchanga, rudisha. Ikiwa picha inaruka pembeni unapobadilisha mwelekeo wa kuzungusha, mitaro imelika, na kwa f/2 hutaweza kulenga jicho kamwe.

Upande wa adapta mambo ni mepesi kwa kamera zisizo na kioo cha kupinduka. Kitako cha lenzi ya M42 hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, cha Nikon F 46.5, cha Canon FD 42. Sony E inahitaji 18 tu na Nikon Z 16, kwa hiyo adapta ni bomba tupu la milimita 24 hadi 30 hivi. Bomba likiwa fupi kidogo, lenzi inapitiliza infiniti na hakuna kinachoharibika. Likizidi kwa milimita 0.1 tu, 85mm haitalenga kitu kilicho zaidi ya mita 72 hivi. Angalia pia ndani yake: adapta nyingi za bei rahisi zinang'aa ndani, na mng'ao huo huleta doa jeupe katikati ya picha ambalo watu hulisingizia lenzi. Rangi nyeusi isiyong'aa inalimaliza. Kwa M42 chagua adapta yenye ukingo wa ndani unaobonyeza kipini. Bila huo, lenzi isiyo na swichi ya mkono itabaki wazi hata ukiizungusha hadi f/16.

Wenye Nikkor za kabla ya 1977 wasizifunge moja kwa moja kwenye kila kamera ya Nikon yenye kioo cha kupinduka: ukingo wa pete yake hugonga na kuvunja kijiti kidogo kando ya mdomo wa kamera. Zilizo salama zina safu ya pili ya namba ndogo za f karibu na kitako.

Katika kupiga, mistari ya rangi inayoonyesha kingo kali kwenye skrini ya kamera inadanganya kwenye tundu kubwa. Inang'aa kabla na baada ya jicho. Kuza picha kwenye skrini hiyo, lenga kope, piga fremu tatu au nne mfululizo. Sonnar za tundu kubwa husogeza fokasi nyuma kidogo zinapofungwa, kwa hiyo lenga ukiwa tayari kwenye namba utakayopigia. Ikiwa kamera ina kitulizi cha mtikisiko, iandikie milimita za lenzi kila unapobadilisha, kwa kuwa lenzi ya zamani haijitambulishi. Ukiacha 50 wakati umefunga 135, kitulizi kitafanya chini ya nusu ya kazi. Bila kitulizi, piga kwa kasi ya sekunde 1/250 ukiishika kamera kwa mkono. Na kikinga mwanga kisikosekane hata ndani ya nyumba.

Mwisho, jedwali lenu linasema lenzi za M42 "haziwezi" kutumika kwenye Nikon yenye kioo cha kupinduka. Kinachokosekana hapo ni infiniti tu, kwa tofauti ya milimita 1.04. Kwa adapta isiyo na kioo ndani, 85mm bado inalenga hadi karibu mita 7, 105mm hadi mita 10 na nusu, na 135mm hadi mita 17, ambayo ni nafasi tele kwa picha za sura. Zinazopaswa kukwepwa ni adapta zilizotiwa kioo cha kurudisha infiniti, kwani kioo hicho hulainisha picha yote. Tunaomba safu hiyo ya jedwali irekebishwe.

Wasomaji wenu,
Wapiga picha wa lenzi za fokasi ya mkono