Mama mdogo, nimemtaja mama mbele za watu

Mama mdogo, shikamoo.

Nilipokupigia kukuomba ruhusa ya kuandika barua hii mahali ambapo kila mtu ataisoma, ulinyamaza, kisha ukasema, "Andika, ila jina langu liache." Nimeliacha. La mama pia nimeliacha hapa, ingawa usiku ule nililitamka kwenye kipaza sauti.

Ulikuwa usiku wa kuamkia Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani. Wanafunzi wa chuo kimoja huku Dar es Salaam walikuwa na mkesha wa mishumaa, na binti wa jirani yangu anayesoma hapo akanishika mkono twende. Nilitarajia hotuba ndefu na fulana za bure. Nikakuta vijana wameketi kwenye nyasi, mishumaa wameisimamisha ndani ya chupa za maji zilizokatwa ili upepo usiizime, kila mmoja na utepe mwekundu kifuani. Utaratibu ulikuwa mmoja tu: ukiwasha mshumaa, mtaje unayemkumbuka.

Wengi wao hawakuwa na wa kumtaja. Mmoja alisema, "Bibi, sikuwahi kumwona." Mwingine akasema, "Mjomba, nimeambiwa tu." Niliwatazama nikaelewa: hawa wamezaliwa dawa zimeshafika. Zamu yangu ilipofika nilimtaja mama, nikataja mwaka 1998, kisha nikautaja ugonjwa. Nje ya nyumba yetu nilikuwa sijawahi kuutaja. Hata ndani ya nyumba yetu tulisema kifua.

Nisikilize vizuri hapa, maana sitaki udhani nakulaumu. Kifua hakikuwa uongo. Kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuwaua watu wanaoishi na VVU duniani kote. Kinga ikishashuka, kifua ndicho huingia. Mama alikohoa kweli, na wewe ndiye uliyelala naye chumba kimoja wakati majirani hawataki hata kunywea vikombe vya kwetu. Uliyoyasema msibani yalikuwa kweli, ila yalikuwa nusu. Ile nusu nyingine uliificha ili mimi, mtoto wa darasa la nne, nisitengwe shuleni. Nakushukuru. Ilinilinda.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, kwetu, mwaka 1983. Umewahi kunisimulia jinsi watu walivyouita Juliana, kwa jina la nguo za biashara za mpakani, na jinsi wengine walivyoamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Mama alikufa 1998. Mwaka uliofuata, Desemba, Rais Mkapa akautangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Dawa za bure zilianza kutolewa 2004. Miaka sita, mama mdogo. Sijui kama huwa unaihesabu. Mimi huihesabu, na usiku ule niliihesabu tena, kwa sababu ya msichana aliyezungumza baada yangu.

Alisimama bila kutetemeka akasema amezaliwa nayo. Anakunywa kidonge kimoja kila siku saa tatu usiku, simu humkumbusha. Vipimo vyake vinaonyesha virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana, na mtu wa namna hiyo, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Alilisema hili mara mbili kwa makusudi, na alifanya vizuri, kwa sababu mara ya kwanza kulikuwa na minong'ono. Kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani: kidonge hakimsumbui, kinachomsumbua ni kukificha. Hosteli wanalala wanne. Dawa ameihamishia kwenye kopo la vitamini, na kadi ya CTC, yaani kliniki anakochukulia dawa, ameiacha kwa mama yake. Yupo, anasoma, ana afya kuliko mimi, na bado anaishi kwa kujificha kama tulivyoishi sisi 1998.

Pembeni kulikuwa na hema la upimaji. Nilikaa karibu na muuguzi kwa muda mrefu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maswali, mama mdogo! Wasichana wanaijua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, vizuri sana, wanajua duka linalouza na saa za kuimeza. Mimba ndiyo wanayoiogopa. Lakini kwamba kuna dawa za kuzuia VVU mtu akishapata hatari, PEP, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, wengi walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza. Kijana mmoja aliuliza kama akipima leo kwa jambo la juzi jibu litakuwa la uhakika. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba kipimo hakiwezi kuona maambukizi ya siku mbili, kwa hiyo aanze PEP sasa, apime tena baadaye. Aliondoka naye wakienda kituo cha afya usiku uleule. Nilitamani kumkumbatia yule muuguzi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.5 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU nchini. Wengi wanajua hali zao na karibu wote wanaojua wako kwenye dawa. Wanaobaki gizani ni wale wasiopima, na sheria ilishalegezwa 2019: kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kupima bila idhini ya mzazi, na mtu anaweza kujipima mwenyewe. Kwa hiyo kipimo kipo. Kinachokosekana ni mtu wa nyumbani wa kumwambia kijana kwamba jambo hili limewahi kuingia ndani ya ukoo wake, likachukua mtu mwenye jina na sauti. Na tangu Marekani iliposimamisha misaada mapema 2025, kazi nyingi za mashirika za kuwafuata vijana huko waliko zimeyumba. Hatuwezi kuwaachia wageni kazi hii.

Mdogo wangu, mwanao wa mwisho, atamaliza kidato cha sita Mei. Akichaguliwa, Oktoba atakuwa hapa Dar, hosteli, na pesa za boom, mkopo wa wanafunzi, mkononi. Yeye anajua mama mkubwa wake alikufa kwa kifua.

Mambo ya PEP, kondomu na kupima nitamweleza mimi, bila aibu. Lakini habari ya mama ni yako. Wewe ndiye uliyemwogesha. Nikiisimulia mimi itakuwa somo, ukiisimulia wewe itakuwa habari ya dada yako. Nimeomba likizo ya Krismasi, na tiketi ya basi la Bukoba ninayo. Nipigie uniambie kama tukae naye sote wawili, au unataka kuzungumza naye peke yako kwanza.