Nyie vijana wa gemu ya ngalawa, mzee wa besi anawaandikia

Wanangu, marahaba. Najua hamjaniamkia bado ila naipokea mapema kabisa.

Barua ni ya kwenu nyie watano mnaokesha hapo Sinza na gemu ya yule mvuvi na ngalawa yake, lakini naiacha wazi wasome na wengine, maana wenye shida kama yenu wapo wengi, wana mchoraji mzuri, wana mtu wa kodi, yaani wa kuiandikia kompyuta maelekezo ya gemu, halafu muziki wanaukumbuka wiki ya mwisho.

Juzi mpwa wangu alinipa simu nicheze. Nimecheza kama dakika ishirini hivi, nimezama mara sita, kwa umri wangu siyo haba. Michoro safi, hadi lile tanga linavyojaa upepo nimelipenda. Ila ule wimbo jamani! Wenyewe ni mkali, msinielewe vibaya, una intro, una beti, una pale unapopasuka, ukipigwa redioni watu watauliza wa nani. Sasa mvuvi wangu yuko pwani bado anafungua kamba, bahari imetulia kama maji ya mtungini, wimbo ukapasuka. Dhoruba ilipokuja kweli wimbo nao ndo umerudi kwenye intro, kinanda kinalialia taratibu, na mi nazama.

Hapo mmetunga kwa akili ya redio. Wimbo wa redio una dakika zake na msikilizaji anaufuata hadi uishe, ila kwenye gemu muziki ndo unamfuata mtu, na mtu hatabiriki, mmoja atakaa pwani dakika kumi anashangaa samaki, mwingine sekunde tano tu ashatweka tanga kaondoka.

Na hili sisi wa dansi tulilifanya kila wikiendi. Nyimbo zetu zina sehemu ya kuimba taratibu halafu linakuja chemko, pale pa kucheza kwa kasi, na chemko halina urefu wake, mimi na rizimu tunazunguka palepale, mpiga solo macho yote ukumbini, watu wakiwa wamewaka tunazungusha tena, wakianza kurudi vitini kiongozi anatupa jicho tunafunga. Mkidhani muziki wa hivyo umekuja na kompyuta mnajidanganya. Mwaka 1978, mwaka uleule bendi ya Mlimani Park inaanza hapa Dar, Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa Space Invaders, gemu ya kupiga wavamizi wa angani, na muziki wake wote ni noti nne za besi zinashuka, dum, dum, dum, dum, zinazunguka tu, ila wale wavamizi wakiongeza mwendo nazo zinaongeza. Noti nne! Mimi mpiga besi nikisikia hivyo natamani kuagiza soda.

Kwa hiyo wewe kijana wa kinanda, ule wimbo usiutupe, ufumue. Tumba peke yake faili moja, rizimu faili moja, besi faili moja, solo na vile vinubi vyako vya kwenye kompyuta faili lao. Zote mwendo mmoja, ufunguo mmoja na urefu mmoja, msizidishiane hata punje. Halafu binti wa kodi aanzishe zote kwa pamoja, azishushe sauti mpaka sifuri, abakize tumba tu. Mvuvi akiingia maji marefu ipande rizimu, upepo ukibadilika besi iingie, dhoruba ikishika sasa solo ilie. Upepo ukitulia mnazitoa mojamoja, taratibu, mtu asijue zimetoka saa ngapi. Kwa kuwa zote zilikuwa zinatembea tangu mwanzo, hakuna itakayoingia nje ya mdundo.

Kuna kale kamlio pia, sijui kama mmekasikia, mi kamenikera hadi usiku kitandani. Kila wimbo ukirudi mwanzo kuna "tk", halafu upenyo mdogo wa kimya. Kipande chenu kina sekunde arobaini, nimecheza dakika ishirini, kwa hiyo nimekasikia mara thelathini! Upenyo ule unaletwa na MP3, aina ya faili mliyotumia, inabandika kimya kidogo kichwani na mkiani, toeni kwa OGG, aina nyingine isiyobandika kimya. Na "tk" ni mwangwi wa noti ya mwisho umekatwa shingo. Piga mizunguko miwili mfululizo, ukate ule wa pili, sawasawa kwenye mdundo wa kwanza, ndo uutumie, utakuwa umebeba mwangwi wa mzunguko uliotangulia na kiungo hakitasikika. OGG itawaokoa na kwenye bando, dakika moja ya WAV, faili la sauti lisilobanwa, inafika MB 10 hivi, nani atapakua gemu ya mvuvi kwa bando la wiki?

Besi yenu sikuisikia kabisa. Nikadhani masikio yangu, nikachomeka hedifoni, kumbe ipo na imepigwa vizuri tu. Spika ya simu ni kama kifuniko cha soda, waya wa E wa besi, ule mnene, ni kama hezi 41, sauti ya chini mno, pale hautoki. Ipandishe okteva moja au ikwaruze kidogo ipate makali, halafu msikilize kwenye simu ya bei rahisi kabla ya zile spika kubwa za mwenzenu.

Na mnyamaze wakati mwingine. Kwenye gemu ya Minecraft muziki unakuja kidogo halafu kimya kirefu, na watu wanaupenda mpaka leo. Bahari yenu ina sauti yake, iacheni isikike.

La mwisho linaniuma. Zamani nilipiga besi kwenye tangazo la sabuni, kampuni siitaji, nikapewa hela ya nauli na chakula, hakuna karatasi. Tangazo limepigwa miaka, watoto mtaani wanaliimba, mi napita zangu. Nyie ni marafiki sasa hivi kwa sababu hakuna hela. Kaeni leo muandike, wimbo ni wa kijana au wa kundi, gemu ikiuzwa anapata asilimia ngapi, akitaka kuutoa kama albamu anaruhusiwa au la. Wote mtie saini, halafu kazi ipelekwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, isajiliwe. Daniel Rosenfeld, yule aliyetunga muziki wa Minecraft, haki za muziki wake alibaki nazo mwenyewe, na gemu iliuzwa kwa mabilioni ya dola.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne. Njooni na laptop na ile simu mbovu. Besi yangu waya wa A umekatika, mkipita Kariakoo mniletee, hela nitawarudishia.