Barua kwa mwanangu: Joy Adamson hakuwa wa simba peke yake

Mwanangu mpendwa,

Zile picha za maua ulizonitumia nimeziangalia jioni nzima, hasa lile jani lililoliwa na mdudu ukaliacha vile vile bila kulirembesha, hapo ndio nikamkumbuka Joy Adamson na nikasema lazima nikuandikie. Hapa Kenya ukimtaja kila mtu atakwambia aah, yule mama wa simba, wanaishia hapo, na mimi hiyo huniuma juu kabla hajamwona Elsa, yule simba jike aliyemlea, mkono wake ulikuwa umeshafanya kazi kubwa sana.

Alizaliwa 1910 katika himaya ya Austria-Hungary, mji ambao leo uko Ucheki, jina lake likiwa Friederike, akasomea piano Vienna, akafika Kenya 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, ndiye alimbandika jina Joy. Huyo Bally alikuwa mtaalamu wa mimea, wakawa wanazunguka porini, yeye anatafuta mimea na Joy anaichora kwa rangi za maji, hadi 1947 akapewa medali ya dhahabu Uingereza kwa hizo picha za maua.

Halafu serikali ya mkoloni ikamwagiza achore watu wa makabila yetu wakiwa wamevaa mavazi yao ya kienyeji. Najua utaniuliza mbona mkoloni alitaka picha zetu, na una haki ya kuuliza, mimi pia huuliza. Lakini mama, ziangalie zenyewe! Shanga, hereni, mikufu, ngozi, vile mtu alivyojipaka rangi usoni, kila kitu kimewekwa mahali pake, na vingine hata shosho yako hakuwahi kuona mtu amevivaa. Hawa ni wazee wetu na walikaa mbele yake wakachorwa kwa heshima.

Elsa alikuja 1956. George, mume wake wa tatu, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kumbe alikuwa na watoto watatu wadogo, wakaletwa kwa Joy, na pimbi wake wa kufuga aliyeitwa Pati-Pati akawa ndio kama yaya wao. Wawili wakubwa wakapelekwa zuu ya Rotterdam, Uholanzi, yule mdogo kabisa akabaki, huyo ndiye Elsa. Kinachonigusa mimi ni kwamba hawakumfungia, walimfundisha kuwinda wakamwachilia, mara ya kwanza ikakataa, akaugua, wakajaribu tena upande wa Meru na huko akashika maisha yake akazaa watoto watatu. Januari 1961 akafa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Baada ya hapo Joy alilea duma, Pippa, na mwishoni chui, Penny, huko kwenye hifadhi ya wanyama ya Shaba.

Huko Shaba ndiko alikouawa Januari 1980. Watu walikimbilia kusema ni simba, na haikuwa simba, ni binadamu. Majivu yake yako Meru, kwa makaburi ya Elsa na Pippa.

Sasa picha zake nyingi ziko Makumbusho ya Taifa hapo Nairobi, na wewe uko huko huko mjini na hujawahi kuingia. Ijumaa nitakutumia pesa ya kiingilio kwa M-Pesa, enda na yule rafiki yako anayechora, anzeni na wazee kabla ya maua, na ubebe penseli zako.

Mamako