Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: MACHO MEKUNDU YASIYOPONA KWA MATONE

Kwa heshima, naandika kuhusu ugonjwa wa mishipa ya damu ambao jina lake, vaskulaitisi, nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 62, wakati mke wangu alikuwa ameshapoteza nuru ya jicho la kushoto.

Ulianza kama macho mekundu, na kwa kuwa mlipuko wa macho mekundu wa Januari 2024 ulikuwa haujasahaulika, hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwa wa kwanza. Alipewa matone, kisha chupa ya pili, kisha ya tatu, na zote zipo dirishani kwetu Ujiji hadi leo. Lakini jicho lile halikutoa tongotongo hata siku moja. Wekundu wake ulielekea zambarau, na maumivu yalikuwa ya ndani, ya kuchimba, yakishuka hadi kwenye taya na kumwamsha saa nane za usiku, akakaa kitandani amejifunga khanga mbichi kichwani mpaka alfajiri. Puani alikuwa akitoa magamba yenye damu kwa miezi, nasi tukalaumu vumbi la kiangazi.

Daktari wa macho tuliyemfikia Dar es Salaam, baada ya kilomita zipatazo 1,250 za reli, aliomba mkojo kwanza. Ulikuwa na damu isiyoonekana kwa macho. Kinga ya mwili, alitueleza, ilikuwa inashambulia kuta za mishipa midogo ya damu, puani, kwenye figo na katika weupe wa jicho, ambao ulikuwa umelika hadi rangi ya buluu ya ndani ikaonekana.

Ugonjwa huu una ndugu yake, unaoshika mishipa mikubwa ya kichwa kwa watu waliovuka miaka 50: panja huuma, kuchana nywele huwa adha, taya huchoka kwa kutafuna, halafu jicho huzimika ghafla. Huo hausubiri treni. Prednisoloni, dawa inayotuliza kinga ya mwili, huanzishwa kwa dozi kubwa siku hiyo hiyo, kabla hata majibu hayajatoka, kwa sababu nuru iliyopotea ni nadra kurudi na jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache.

Ninachoomba ni waraka mmoja kwa zahanati na vituo vya afya: mwenye jicho jekundu lisilo na tongotongo, linalomnyima usingizi na lisilopoa kwa chupa ya kwanza, asipewe ya pili, bali apimwe mkojo na ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama, kisha apewe rufaa siku hiyo. Mkojo hupimwa kwa kijiti. ESR ni damu inayosimamishwa kwenye mrija kwa saa moja. Siombi prednisoloni igawiwe kama pipi, maana jicho lenye vijidudu linaweza kuharibiwa zaidi na dawa hiyo.

Mke wangu anaendelea na tiba, na jicho la kulia linaona. Nipo tayari kufika ofisini kwako na zile chupa tatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Ujiji