Hita za injini katika malori yaliyotoka nchi za baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye malori pamoja na mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba juu ya kifaa kinachokuja na baadhi ya magari ya dizeli tunayoyaagiza yakiwa yameshatumika nje, nacho ni hita ya umeme iliyofungwa kwenye bloki ya injini. Mwenye gari huona waya mweusi wenye plagi, umefungwa nyuma ya bampa au ubavuni mwa rejeta, na hajui ni wa kazi gani. Kwa kutojua huko, wapo wanaouchomeka kwenye umeme wa nyumbani, na wapo wanaoing'oa hita yenyewe na kuliziba tundu lake kwa chochote kilicho karibu. Yote mawili yanatutia hasara, na la kwanza linaweza kuua mtu.

Huko kinakotoka, kifaa hiki ni cha lazima. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta, bali hutegemea joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Katika mji kama Winnipeg, nchini Kanada, usiku wa Januari baridi hufika nyuzijoto 20 chini ya sifuri na kupita, na chuma cha injini hupoa kiasi cha kulinyonya joto lile kabla mafuta hayajashika moto. Oili nayo huwa nzito, na betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake wakati ule ule ambao stata inazihitaji zaidi. Kwa hiyo dereva huchomeka hita muda wa saa mbili hadi nne kabla ya safari, maji yanayozunguka ndani ya bloki yakapata joto, na injini ikawaka bila ya kusumbua. Watu wa huko wamezoea jambo hili tangu miaka ya 1940, na baadhi ya maegesho yao yana soketi za umeme kwa ajili hiyo tu.

Sisi usiku wa kipupwe hatushuki mbali na nyuzijoto 20 juu ya sifuri, na kwa injini ya dizeli iliyo nzima hiyo si baridi. Lori likikataa kuwaka asubuhi ya Julai, sababu itafutwe kwenye betri, kwenye hewa iliyoingia katika njia ya mafuta, kwenye nozeli, kwenye ringi za pistoni zilizolika, au, kwa injini zenye plagi za kupasha moto ndani ya silinda, kwenye plagi hizo ambazo hutumia umeme wa betri na si kitu kimoja na hita ninayoizungumzia. Hata dereva anayevuka bara na kupanda Njombe au Makete, ambako miezi ya Juni na Julai huwa na asubuhi za umande ulioganda, atasaidika zaidi kwa betri nzima na kulanti halisi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, kuliko kwa hita.

Umeme wetu ni volti 230. Umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni volti 120, na hita za magari ya nchi hizo zimetengenezwa kwa volti hizo. Hita ya Kijapani ya wati 500 ikichomekwa kwenye soketi yetu haibaki wati 500, kwa sababu volti zikizidi mara mbili na kitu, nguvu huzidi mara tano na zaidi, na hita ile ikavuta zaidi ya wati 2,600 kupitia waya mwembamba uliokwisha kukauka mpira wake. Waya huo utaungua, au hita itapasuka ndani ya maji. Kubwa kuliko hayo ni kwamba lori limesimama juu ya mipira, na soketi nyingi tunazozivuta hadi uani hazina waya wa ardhini, hivyo hita ikivuja umeme, bodi zima la lori linakuwa na umeme likimsubiri mtoto au utingo aliye pekupeku aje kulishika. Nawaomba sana wenye malori: waya huo usichomekwe, hata kwa kujaribu.

Kuhusu kung'oa, nieleze nililoliona kwa macho yangu. Lori la mawe lililetwa kwangu hapa Chake Chake likichemsha kila linapopanda mlima likiwa na mzigo, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kifuniko cha rejeta na pampu ya maji bila ya nafuu. Chini ya lori hapakuwa na tone. Nilipomulika ubavu wa bloki niliona ukoga mweupe umeshuka kama mchirizi kutoka kwenye tundu la hita, ambalo fundi wa awali alilijaza kipande cha mpira wa tairi na kukikaza kwa boliti. Maji yalikuwa yanavuja pale injini inapopata joto, yanakauka juu ya chuma kabla hayajafika chini, na kinachobaki ni chumvi ya maji ya kisima. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeshaungua na hedi limepinda. Gharama ile yote ilitokana na kuondoa kitu ambacho kingeachwa mahali pake kisingemdhuru mtu, maana hita isiyopata umeme haili chochote na haimzuii dereva kufanya lolote.

Njia iliyo salama ni nyepesi. Katika hita nyingi waya huchomoka kutoka kwenye hita yenyewe, basi uchomolewe na utupwe, ncha za hita zifunikwe vizuri zisipate maji na vumbi, na hita ibaki ndani ya bloki kama kizibo. Ikiwa hita yenyewe inavuja, itolewe injini ikiwa imepoa na maji yamemwagwa, na mahali pake pawekwe kizibo cha chuma cha kipimo kile kile, ambacho wauza vipuri wanaweza kukiagiza tukiwapelekea kipimo. Kisha itiwe kulanti badala ya maji ya kisima, ambayo hula vizibo vyote vya bloki, vilivyo vipya na vya zamani.

Ningependa pia waagizaji wa magari wauchomoe waya huu bandarini kabla ya kumkabidhi mnunuzi, na wakaguzi wa magari wauangalie wanapolipima lori kwa mara ya kwanza. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye bisibisi.

Fundi wa magari makubwa,
Chake Chake, Pemba.