Shemeji, usitie saini mkataba wa nyumba kabla hujaisikia bendi ya tatu

Shemeji,

Salaam nyingi kutoka huku. Habari za kuhamia Texas zimeshafika, pamoja na ile video ya bendi ya shule unayomtumia kila mtu: vijana mia mbili na ushee, sare zinameta, wanageuka uwanjani kwa pamoja kama kundi la mbayuwayu. Inaelekea umeshaamua kwamba nyumba itatafutwa jirani na shule ile, ili mtoto akiingia darasa la tisa Agosti awe mmoja wao. Barua hii naiacha wazi kwa sababu wazazi wenzetu wa Houston, Dallas na Austin wanapambana na swali hilohilo.

Onyesho lile haliruhusiwi kuzidi dakika nane. Limefanyiwa mazoezi tangu kiangazi, na ikifika katikati ya Novemba limekwisha. Mwaka wa bendi una miezi kumi. Kuanzia Novemba hadi Mei watoto wanarudi ndani, wanakaa kwenye viti, wanagawanywa kwa uwezo. Shule kubwa, zile za daraja la 6A, huwa na bendi nne au tano za jukwaani. Mtoto wa darasa la tisa aliyetoka jimbo lingine, tena wa klarineti, ala yenye foleni ndefu kuliko karibu zote, usitegemee akae bendi ya kwanza. Atakaa ya tatu, pengine ya nne, na huenda akabaki huko miaka miwili. Kwa hiyo unayomchagulia ni bendi ya tatu. Ile ya kwenye video ni ya watoto wa wenzako, kwa sasa.

Uzuri wa Texas ni kwamba bendi ya tatu nayo ina rekodi. Mashindano yanasimamiwa na UIL, chombo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na matokeo yake yako wazi mtandaoni, shule kwa shule, mwaka kwa mwaka. Majira ya kuchipua kila bendi hupiga vipande vitatu mbele ya majaji watatu. Kisha inaingia chumba kingine, inapewa nota ambazo haijawahi kuziona, mwalimu anapewa dakika chache za kueleza bila mtu kupuliza, halafu wanapiga mbele ya majaji wengine watatu. Alama ni 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu.

Hapo kwenye nota ngeni ndipo penye habari yote. Bendi yenye 1 jukwaani na 3 kwenye usomaji wa papo kwa papo ni bendi iliyokaririshwa vipande vitatu tangu Januari. Watoto wanajua nyimbo tatu, hawajui kusoma. Bendi ya namna hiyo inaweza kuwa na makabati ya vikombe, lakini mtoto akimaliza shule hataweza kukaa kwenye bendi ya chuo wala ya kanisa na kufuata karatasi. Fungua matokeo ya miaka mitano, bakiza bendi zisizo za kwanza, soma safu ya usomaji wa papo kwa papo tu. (Mwaka 2020 utakuta pengo. Korona.) Angalia pia ugumu wa vipande, maana orodha rasmi ina ngazi 1 hadi 5. Bendi ya tatu iliyopiga ngazi ya 2 kwa usafi na kupata 1 zote imefundishwa vizuri kuliko iliyosukumwa kwenye ngazi ya 4 ikaambulia 3. Mwalimu anayewapa watoto muziki uliowazidi kimo mara nyingi anawaza sifa yake.

Kipimo kingine ni mchujo wa TMEA, chama cha walimu wa muziki wa jimbo. Mitihani huanza vuli kwenye ngazi ya mkoa, inapanda kanda mwezi Januari, na wachache wanaobaki hukusanyika San Antonio Februari kupiga kwenye bendi za jimbo. Usihesabu idadi ya majina ya waliopita tu. Soma ala. Shule yenye majina kumi, yote ya ngoma na tarumbeta, haina mtu wa kumfundisha mtoto wa klarineti. Shule yenye majina sita yaliyotawanyika, filimbi, klarineti, obo, honi, tuba, ndiyo yenye mizizi.

Na mizizi hiyo haianzii hapo shuleni. Huku mtoto huanza ala darasa la sita, kwenye shule ya kati, na wilaya nzuri ya shule humtuma mwalimu wa sekondari kwenda kufundisha huko asubuhi kabla ya kurudi kwake. Muulize mwalimu mkuu wa bendi: mko wangapi, mnafundisha shule ngapi za kati, na watatu waliokutangulia walikaa miaka mingapi kila mmoja? Shule iliyobadilisha mwalimu mkuu wa bendi mara tatu ndani ya miaka mitano, hata ikiwa na vyombo vya fedha tupu, iache. Kila mwalimu mpya huja na namna yake ya kupumua na kuunda sauti, na watoto huanza upya. Uliza vilevile kama walimu binafsi wa ala huingia shuleni saa za masomo. Nusu saa kwa wiki, kwa dola 20 hadi 35, na mwalimu wa klarineti mwenyewe. Hiyo humfikisha mtoto mbali kuliko uwanja wowote wenye taa.

Sasa tuje kwenye yale ambayo najua yatakukosesha usingizi: masomo. Tangu 1984 Texas ina sheria ambayo watu huifupisha hivi: hujafaulu, huchezi. Somo moja likishuka chini ya 70 mwisho wa kipindi cha alama, mtoto hatapanda jukwaa la mashindano kwa wiki tatu au zaidi, mpaka alama zipande. Baadhi ya masomo ya juu yana msamaha, na wilaya inaweza kuongeza mengine, basi omba orodha yake. Mazoezi nje ya saa za shule yamewekewa kikomo cha saa nane kwa wiki. Zinasikika chache, shemeji, lakini hesabu haigusi Jumamosi wala wiki za Agosti kabla shule haijafunguliwa, na mechi ya Ijumaa usiku haimo. Oktoba usipange harusi ya mtu Jumamosi ukamtegemea mtoto huyu awe mshika maua.

Kuna jambo la hesabu linalowaumiza wazazi wakiwa wamechelewa. Vyuo vya umma vya Texas, kwa sheria ya 1997, hupokea moja kwa moja wanafunzi walio kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yao. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kimebana zaidi: asilimia 5 kwa wanaoingia vuli ya 2026. Wilaya nyingi huyapa masomo ya juu uzito mkubwa kuliko bendi, hivyo A ya bendi, ikiingizwa kwenye wastani, inaweza kumshusha mtoto mwenye A za uzito. Wilaya nyingine huiondoa sanaa kabisa kwenye hesabu ya nafasi, nyingine huiacha imo. Muulize mshauri wa masomo, tena omba jibu kwa maandishi. Katika barua hiyohiyo muulize kama bendi ya gwaride ya vuli inahesabiwa badala ya elimu ya viungo, maana sheria ya jimbo inaruhusu na inaokoa nafasi moja kwenye ratiba. Bila nafasi hiyo, mtoto wa sayansi huishia kulazimika kuacha bendi darasa la kumi na moja, maabara na bendi zikigongana.

Fedha: ada ya bendi huanzia mamia machache ya dola kwa mwaka, na shule kubwa hupita elfu moja, bado hujalipa safari. Omba jedwali la malipo lenye tarehe, kwa sababu wengi hutaja jumla ndogo halafu viatu, glovu, fulana na chakula cha basi vinakuja kwa mafungu. Sheria ya elimu ya jimbo inaitaka wilaya iwe na utaratibu wa kuwasamehe wasioweza kulipa. Fomu ipo, hawaitangazi. Ala kubwa, kama tuba, basuni na klarineti besi, shule humkodishia mtoto kwa kiasi kidogo. Klarineti ya kawaida ni juu yako.

Na hapo nina neno, kwa sababu nasikia unataka kumnunulia ya mbao. Mbao hiyo ni mpingo wetu, ule wa Kilwa na Lindi, na kwa sauti haina mpinzani. Lakini usiipeleke uwanjani. Pumzi ya moto na unyevu huvimbisha mbao kwa ndani huku nje kukavu au kwa baridi, tabaka mbili zinavutana, na ufa unatokea sehemu ya juu karibu na matundu ya vitufe. Buti la gari la Agosti linamaliza kazi. Mtafutie ya plastiki kwa gwaride, hata iliyotumika, halafu ya mbao ije akishapandishwa bendi ya pili.

Kuhusu anwani, kuwa mkali. Shule hufuata mpaka wa wilaya ya shule, na jina la mji kwenye bahasha halihusiki. Nyumba yenye anwani ya mji mmoja inaweza kuangukia wilaya ya mji wa pili. Ingiza namba ya nyumba kwenye kitafutio cha wilaya yenyewe; tangazo la dalali lisikutoshe. Kisha tafuta mipango ya shule mpya. Vitongoji vinavyokua haraka hufungua sekondari, mipaka inachorwa upya, na bendi ya watoto 300 inagawanywa mbili kama embe. Uhamisho upo, ila hutegemea nafasi, dirisha la maombi huwa fupi, na shule zenye sifa ndizo hujaa kwanza.

Usizidharau pia shule za kusini mwa Dallas na katikati ya Houston zinazopiga kwa mtindo wa vyuo vya Wamarekani weusi, kama Ocean of Soul ya Texas Southern au Marching Storm ya Prairie View A&M. Magoti juu, tarumbeta mbele, wimbo mpya kila wiki. Wanaotoka huko hupata ufadhili kwenye vyuo hivyo. Ila kwa mtindo huo klarineti humezwa na ala za shaba, basi uliza zipo ngapi na zinafanya nini Januari.

Mwandikie mwalimu wa bendi Aprili, usisubiri Julai, kwa sababu usaili wa kupanga bendi hufanyika Aprili na Mei. Ambatisha rekodi ya dakika mbili: skeli mbili za meja, skeli ya kromatiki, na kipande kifupi cha polepole. Cha haraka huficha sauti mbaya, nao wanajua. Umuulize mtoto wa darasa la tisa wa mwaka jana anayekaa kiti cha mwisho wapo wangapi wa kusimama pembeni bila nafasi uwanjani, na wanafundishwa na nani wakati wenzao wanapiga.

Halafu omba ruhusa ya nusu siku kazini. Bendi za pili na tatu hushindanishwa mara nyingi siku za kazi asubuhi, Machi na Aprili, ukumbi ukiwa nusu tupu. Kaa nyuma kabisa. Sikiliza klarineti za tatu kwenye sehemu ya polepole, pale ambapo ngoma zimenyamaza.