Barua kwa mwanangu: Saa ya jua ya Ikweta haina pembetatu

Busia, 8 Juni

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata kwa mkono wa shangazi yako. Hapa nyumbani hatujambo, ila mama yako ana mafua kidogo. Nimefurahi kusikia kwamba mradi wa hesabu mliopewa ni saa ya jua, ile inayoonyesha wakati kwa kivuli. Mambo ya ubao, pembe na timazi ndiyo yanayotulisha humu ndani, kwa hiyo usishangae barua hii ikiwa ndefu.

Unasema wenzako wametoa mchoro kwenye intaneti: pembetatu imesimama katikati, pembe yake digrii 51 na nusu, na mistari ya saa imetawanyika kutoka penye ncha moja. Wewe ukaweka latitudo ya Masaka, mji wa Uganda mnakosoma, pembetatu ikatoweka, ukadhani umeharibu hesabu. Hukuharibu kitu. Mchoro ule ni wa London. Ukingo wa pembetatu ndio unaotupa kivuli, na unatakiwa ulale sambamba na mhimili wa dunia, na ili ulale hivyo, pembe yake na ardhi lazima iwe sawa na latitudo ya mahali. London ni 51.5. Masaka ni theluthi moja tu ya digrii, kusini ya Ikweta. Ukingo wa urefu wa sentimita 30 hapo kwenu unainuka chini ya milimita mbili, na hata randa yangu haiwezi kukuhakikishia milimita mbili. Atakayesimamisha pembetatu ya London kwenye uwanja wa shule huko Masaka atapata pambo zuri, saa hatapata.

Kwa hiyo achana na pembetatu. Unachohitaji ni waya uliovutwa ukakaza, umelala kutoka kaskazini hadi kusini, sentimita 5 juu ya ubao, umeshikwa na vijiti viwili. Kivuli cha waya huo kitakuwa mstari ulionyooka, kitatembea ubaoni kutoka magharibi kwenda mashariki, na mistari ya saa yote itakuwa sambamba. Hakuna kutawanyika.

Mistari hiyo ikae wapi? Hapo ndipo penye utamu. Chukua karatasi kubwa, chora mstari mlalo, huo ndio ubao. Katikati yake simamisha mstari wa sentimita 5. Ncha ya juu ndiyo waya. Weka kipimapembe kwenye ncha hiyo, pima digrii 15 kutoka wima, kisha 30, 45, 60 na 75, kila upande, na kila pembe uivutie mstari mpaka ugonge ubao. Ni 15 kwa sababu dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24. Ukipima kutoka katikati utapata sentimita 1.3, 2.9, 5, 8.7, halafu ghafla 18.7. Tazama ile ya tatu: pembe 45, umbali 5, sawasawa na kimo cha waya. Ukiipata hiyo, ujue mkono wako haujatetereka. Tanjenti mtakuja kuisoma, na namba zitatoka hizo hizo. Ukijaribu digrii 90, mstari hautagusa ubao hata ukiuvuta hadi Mombasa. Ndiyo maana saa kumi na mbili, ya asubuhi na ya jioni, haina mahali pa kuandikwa. Mwalimu akiuliza kwa nini umeiacha, mwonyeshe karatasi.

Namba ziandike kwa hesabu yetu: 6 katikati, 5 hadi 1 upande wa magharibi, 7 hadi 11 upande wa mashariki. Kwetu mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kumsumbua mtu, ni kama saa 12 mwaka mzima, na saa moja ya ubaoni inakuja jua limeshapanda kwa muda wa saa nzima. London mwezi Desemba saa moja asubuhi ni giza tupu.

Kutafuta kaskazini, usitumie dira ya simu ya mtu, maana mabweni yana mabati na nondo kila mahali, na sumaku hupotoka. Tumia jua lenyewe. Simamisha fito kwa timazi (jiwe na uzi vinatosha), chora duara kuizunguka, kisha ngoja. Asubuhi ncha ya kivuli itaingia ndani ya duara: tia alama. Alasiri itatoka nje: tia alama tena. Unga alama mbili, huo ni mstari wa mashariki na magharibi. Uukate kwa guni (kile kipimo chetu cha pembe mraba), umepata kaskazini. Kwa fito ya sentimita 10, mwezi huu kivuli kifupi cha siku kitakuwa kama sentimita 4.4, na kitaelekea kusini, kwa sababu jua sasa liko upande wa kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinasema kivuli cha mchana huelekea kaskazini. Ni kweli, huko kwao. Kwetu hugeuka: Desemba kinakwenda kaskazini, na mwishoni mwa Machi na Septemba karibu hakionekani.

Fito hiyo hiyo itakuonyesha alasiri kwa namna tunavyoswali sisi: kivuli kikifika urefu wa fito ukijumlisha na kile cha adhuhuri, yaani sentimita 14.4, wakati umeingia. Mashekhe wa zamani walikuwa mafundi wa mambo haya. Ibn al-Shatir aliutengenezea msikiti mkuu wa Damascus saa ya jua mwaka 1371, na ukingo wa kivuli aliulaza sambamba na mhimili wa dunia.

Sasa jambo litakaloleta ugomvi darasani. Saa yako ikionyesha 6 kamili, saa ya ukutani itasema saa saba kasoro dakika 7. Wenzako watakwambia uuzungushe ubao kidogo ili zilingane. Kataa. Ukiuzungusha, utarekebisha mstari mmoja na kuharibu iliyobaki. Saa zetu za mkononi zinafuata longitudo ya 45, inayopita karibu na Mogadishu; Masaka iko 31.7. Tofauti ni digrii 13 na kitu, kila digrii dakika 4, jumla dakika 53. Andika hizo dakika 53 pembeni ya ubao, yatosha. Kuna mchezo mwingine wa jua lenyewe, kwani dunia hailizunguki kwa mwendo mmoja, tena mhimili wake umeinama: Februari linachelewa dakika 14, mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16. Katikati ya Juni tofauti hiyo ni kama sifuri, kwa hiyo mmepewa mradi wakati mzuri. Na usitafute sekunde: upana wa jua ni nusu digrii, kwa hiyo ukingo wa kivuli huwa na ukungu wa dakika mbili hivi.

Ubao nimeshakukatia, kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa jirani, upana sentimita 40. Mvule haupindi ovyo ukinyeshewa. Nitautuma kwa basi pamoja na waya na sukari ya mama yako. Kipimapembe ununue hapo hapo.

Tarehe 14 nitasimamisha fito hapa karakana na kuandika dakika ambayo kivuli kinalala juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Wewe fanya hivyo hivyo, kwa saa iliyolinganishwa na redio. Jua linapaswa kunipita mimi kabla yako kwa dakika 9 na kidogo. Huku kwenye Ikweta kila dakika ni kama kilomita 28. Piga hesabu ya umbali wetu, mashariki kwa magharibi, uniandikie umepata ngapi kabla hujatazama ramani.

Ni mimi baba yako.